Rangi, Jeli na Silika: Maneno Matatu na Ushuhuda wa Molekuli

1. Utangulizi

Katika makala haya tumekusudia kueleza njia moja ya uchunguzi wa kisayansi, na kwa kuieleza tuyapime maneno matatu ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali huyatumia mara nyingi bila kuyakagua. Njia yenyewe ni ya kutia ndani ya kimiminiko kiasi kidogo sana cha rangi ambayo molekuli zake hung'aa zinapomulikwa, ili mng'ao huo utueleze jinsi jeli ya silika inavyojijenga. Maneno yenyewe ni silika, jeli na rangi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo la maabara lijadiliwe katika kurasa za lugha. Jibu letu ni kwamba silika haikai maabara tu. Tuchukue Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kugawa Mkoa wa Mbeya, kuwa mfano wetu. Katika mji wa Tunduma, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani baina ya Tanzania na Zambia kilichozinduliwa mwaka 2019, hupita shehena za viatu, redio, simu na dawa. Ndani ya masanduku hayo mna vifuko vidogo vyenye punje ngumu za kunyonya unyevu, na juu yake pameandikwa kwa lugha za kigeni kwamba punje hizo zisiliwe. Hizo ni silika. Katika Wilaya ya Songwe, upande wa Mkwajuni na Saza, mchimbaji mdogo wa dhahabu huponda jiwe jeupe la kwatsi na kuvuta vumbi lake. Hilo nalo ni silika. Tena katika bonde la Mto Songwe hububujika chemchemi za maji moto, na ndani ya maji hayo mna silika iliyoyeyuka, ambayo wataalamu huipima ili kukisia joto la miamba iliyo chini sana ya ardhi.

Basi tunavyo vitu vitatu vyenye jina moja. Cha kwanza kina hatari ndogo, cha pili huharibu mapafu, na cha tatu ni kipimo chenye manufaa. Mfasiri wa tangazo la afya, mwalimu wa kemia na ofisa anayeandika taarifa ya mpakani wote hulitumia neno hilo hilo. Ni wazi kwamba hapa usahihi wa istilahi si pambo.

2. Silika: jina moja, mito miwili

Wenyeji wa kusini-magharibi wanajua kwamba kuna mito miwili inayoitwa Songwe. Mmoja humimina maji yake katika Ziwa Rukwa. Wa pili huelekea Ziwa Nyasa na kuwa mpaka baina ya Tanzania na Malawi. Mtu akitoa habari za mafuriko ya Songwe bila kutaja ziwa, msikilizaji hawezi kujua ni wananchi wa bonde gani wanaohitaji msaada. Jina si baya, ila linahitaji kuandamana na neno la kulipambanua.

Hali ya neno silika ni kama hiyo, tena lina utata wa namna mbili. Utata wa kwanza ni wa sauti. Kiswahili kina neno silika la tangu zamani, lenye asili ya Kiarabu, maana yake tabia ya mtu aliyozaliwa nayo. Neno silika la kemia limeingia baadaye kutoka lugha za Ulaya. Wako wanaoona kwamba kwa sababu hiyo hapana budi kulikataa hili la pili na kutafuta jingine. Sisi hatuoni hivyo. Kiswahili kimezoea maneno ya namna hiyo: mbuzi wa kufugwa na mbuzi ya kukunia nazi, paa la nyumba na paa wa porini, kaa la moto na kaa wa pwani. Mazingira ya sentensi huondoa utata, na hakuna atakayedhani kwamba mchimbaji huvuta pumzi yenye vumbi la tabia.

Utata wa pili ndio wenye madhara, kwa kuwa umo ndani ya sayansi yenyewe. Silika ni dioksidi ya silikoni, yaani atomu moja ya silikoni kwa kila atomu mbili za oksijeni. Lakini atomu hizo zinaweza kujipanga kwa namna mbili. Katika kwatsi zimejipanga kwa safu za kudumu kama matofali katika ukuta wa fundi hodari. Hiyo huitwa silika fuwele. Katika jeli zimeshikana ovyo, bila safu, kama fito za kichaka. Hiyo ni silika isiyo fuwele. Vumbi laini la silika fuwele likivutwa kwa muda mrefu huleta ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi, nao hauna tiba ya kuuondoa. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika fuwele inayovutwa kwa pumzi kazini katika kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Silika isiyo fuwele haikuwekwa katika kundi hilo.

Tazama sasa matokeo ya neno kuachwa peke yake. Tangazo likisema tu kwamba silika ni hatari, mama mwenye duka Tunduma atakiogopa kifuko kilichomo ndani ya kiatu. Jingine likisema kwamba silika haina sumu, mchimbaji wa Saza ataliona vumbi la mwamba kuwa jambo dogo. Matangazo yote mawili yanaweza kuwa yametafsiriwa neno kwa neno bila kosa la sarufi. Kosa lao ni kutaja mto bila kutaja ziwa.

3. Jeli: kinachoganda ni nini?

Punje zilizomo katika kifuko ni ngumu, kavu, na zikitikiswa hulia kama mchele. Hata hivyo huitwa jeli, na neno hilo kwa wengi ni kitu laini cha kupaka nywele. Ili tuelewe sababu, hatuna budi kutazama jinsi zinavyotengenezwa.

Mwanzo ni kimiminiko. Silikati ya sodiamu iliyoyeyushwa katika maji huchanganywa na asidi, na hapo hutokea molekuli za asidi silisiki. Kila molekuli ya asidi hii ina silikoni katikati, na kuizunguka pana vishikio vinne, kila kimoja kikiwa na oksijeni na haidrojeni. Molekuli mbili zikikutana, kishikio cha moja hushikana na cha nyingine, na molekuli moja ya maji hutoka. Kwa kuwa kila moja ina vishikio vinne, kazi haiishi hapo. Molekuli huungana zikawa chembe ndogo mno, zenye ukubwa wa nanometa chache tu; nanometa moja ni milimeta moja ikigawanywa mara milioni. Kisha chembe hugusana na kushikana, zikafanya minyororo, na minyororo ikafanya wavu. Siku au saa wavu huo unapofika kutoka ukingo mmoja wa chombo hadi wa pili, kimiminiko hakimwagiki tena hata chombo kikiinamishwa. Hiyo ndiyo jeli, na sehemu yake kubwa bado ni maji.

Jeli hiyo ikikaushwa, maji hutoka na wavu husinyaa, lakini hauporomoki wote. Hubaki kitu kigumu chenye vitundu visivyohesabika. Kuta za vitundu hivyo, lau zingetandazwa, gramu moja tu ingeweza kufunika meta za eneo 500 hadi 800. Gramu kumi zingetosha kwa uwanja mzima wa kandanda. Ni juu ya kuta hizo ndipo unyevu hunata. Mwanakemia Walter A. Patrick wa Marekani alipata hataza ya kutengeneza kitu hiki kwa wingi mwaka 1919. Kwa hiyo punje za kifuko ni jeli kwa nasaba, ingawa kwa hali yake ya sasa ni jeli iliyokauka.

Mtu aliyeweka msingi wa istilahi hizi ni Thomas Graham, Mskoti wa Glasgow, ambaye katika miaka ya 1860 alichunguza asidi silisiki na kupambanua hali yake ya kimiminiko na hali yake ya jeli. Kwa ajili ya kimiminiko chenye chembe zinazoelea, ambacho bado hakijawa jeli, tutatumia hapa neno soli.

Je, tendo la soli kuwa jeli tuliiteje? Neno linalokuja mdomoni kwanza ni kuganda. Tunasema maziwa yameganda, damu imeganda, maji yameganda. Kwa msemaji wa kawaida matendo haya matatu ni mamoja: kilichokuwa kikitiririka hakitiririki tena. Kwa mwanasayansi sivyo. Katika maziwa na katika damu, protini zimeshikana zikafanya wavu na kuyakamata maji. Katika barafu, maji yenyewe ndiyo yaliyoganda kwa baridi. Mwalimu akisema kwamba jeli ya silika ni silika iliyoganda, mwanafunzi ana haki ya kudhani kwamba pametiwa baridi, au kwamba maji yaliyomo ndani yamekuwa magumu. Namna ya kujua kama dhana hiyo ni kweli au si kweli ni kumtuma shahidi mdogo aingie ndani ya jeli, atazame, atuletee habari. Shahidi huyo ni molekuli ya rangi.

4. Rangi na namna za kung'aa

Hapa nako lugha yetu inahitaji uangalifu. Neno rangi lina maana tatu zinazotumika kila siku. Kwanza ni sifa inayoonekana kwa jicho, kama tusemavyo rangi ya kanga. Pili ni kitu kinachopakwa juu ya ukuta au mbao na kukaa usoni mwake. Tatu ni kitu kinachoingia ndani na kushikana na nyuzi, kama rangi wanayochemsha wasusi wa mikeka ili kutia ukindu. Molekuli tunazozizungumzia ni za maana hii ya tatu. Lakini katika uchunguzi huu hazitiwi ili kupamba wala kupaka. Hutiwa kidogo sana, hata pengine kimiminiko kisionekane kuwa na rangi. Kazi yake ni kujibu swali. Kwa hiyo tunapendelea kuziita molekuli chunguzi, na kuliacha neno rangi kwa mahali ambapo asili ya kitu inatajwa.

Molekuli hizi hujibu kwa kung'aa, na kung'aa pia kuna namna nyingi. Anayesimama usiku kando ya barabara ya Tunduma ataziona karibu zote. Utepe ulio nyuma ya lori hauna mwanga wake. Huakisi ule wa gari lijalo. Kaa la mchoma mahindi hutoa mwanga kwa sababu ya joto, hilo huwaka. Mishale ya saa fulani za mkononi huonekana gizani kwa muda baada ya taa kuzimwa. Kimulimuli hutoa mwanga kwa kemia ya mwili wake. Na ndani ya benki, karani anayekagua noti huiweka chini ya taa ya urujuanimno, ambayo mionzi yake jicho haliioni. Karatasi ya kawaida hung'aa yote kwa weupe wa samawati, lakini karatasi ya noti halali hubaki giza, na alama maalumu tu ndizo hung'aa. Taa ikizimwa, alama hutoweka papo hapo.

Hii ya mwisho ndiyo fluoresensi. Mwaka 1845 John Herschel wa Uingereza alieleza jinsi mmumunyo wa kwinini, dawa ya malaria ambayo wazee wetu waliijua kwa uchungu wake, unavyotoa mng'ao wa samawati ukiwekwa juani ingawa wenyewe ni maangavu kama maji. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes alieleza kwamba kwinini hupokea mionzi isiyoonekana na kuirudisha ikiwa mwanga wa namna nyingine, wenye mawimbi marefu zaidi. Jina alilolipa jambo hilo alilitoa katika madini ya fluoriti, ambayo hung'aa vivyo hivyo. Jina hilo basi linataja jiwe, halielezi kinachotendeka.

Kiswahili kinaweza kueleza kinachotendeka. Mtu akibisha hodi, mwenye nyumba huitikia. Hodi zikikoma, maitikio nayo hukoma. Molekuli hubishiwa hodi kwa mwanga, nayo huitikia kwa mwanga mwingine. Kwa sababu hiyo tunapendekeza mng'ao wa kuitikia kwa fluoresensi, na mng'ao wa kusalia kwa ule wa mishale ya saa, ambao huendelea baada ya taa kuzimwa. Mwenye kuandika kwa wataalamu anaweza kushika fluoresensi. Lakini mwalimu na mwandishi wa matangazo watapata katika maneno yetu maelezo na jina kwa pamoja.

Tuonye pia kwamba si kila rangi iliyomo katika jeli ya silika ni ya kung'aa. Punje zinazouzwa zikiwa za buluu, ambazo hugeuka waridi zikishiba unyevu, zimetiwa chumvi ya kobalti. Hiyo ni rangi kiashiria, nayo huonekana kwa mwanga wa kawaida. Kobalti ina sumu, kwa hiyo onyo la kutokula lina uzito zaidi kwa punje hizo kuliko kwa zile nyeupe.

5. Jinsi molekuli inavyotoa ushuhuda

Sasa tueleze uchunguzi wenyewe. Mwaka 1984 David Avnir, David Levy na Renata Reisfeld wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem, walichapisha taarifa ya kunasa rangi iitwayo rodamini 6G ndani ya silika iliyotengenezwa kwa njia ya soli na jeli. Tangu hapo watafiti wengi wametumia rangi kuchungulia ndani ya jeli. Miongoni mwao ni David Birch na Chris Geddes wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, katika mji ule ule wa Glasgow alikozaliwa Graham, waliotumia mng'ao wa kuitikia kupima ukuaji wa chembe za silika tangu zikiwa changa.

Msingi wa kipimo ni mzunguko. Mwanga ni mawimbi, na kwa kawaida mawimbi hayo hutikisika kwa pande zote. Yakipitishwa katika kichujio maalumu, hubaki yale yanayotikisika kwa upande mmoja tu. Mwanga kama huo ukielekezwa kwenye soli, huamshwa hasa zile molekuli za rangi ambazo zimelala sambamba na mtikisiko wake. Rodamini hukaa na nguvu hiyo kwa muda wa nanosekunde 4 hivi kabla ya kuitikia. Nanosekunde moja ni sekunde moja ikigawanywa mara milioni elfu. Ikiwa katika muda huo molekuli haikugeuka, mwanga unaotoka nao hutikisika kwa upande ule ule. Ikiwa imekwisha kugeuka huku na huku, mwanga hutoka ukiwa umepoteza upande wake. Basi kwa kupima upande wa mwanga unaorudi, mtafiti hujua molekuli imegeuka kwa kasi gani.

Mwaka 1926 Mfaransa Francis Perrin aliitolea hesabu kanuni hii. Muda wa kugeuka huongezeka kadiri mnato wa kimiminiko unavyoongezeka, na kadiri ujazo wa kinachogeuka unavyoongezeka. Hupungua kadiri joto linavyopanda. Rodamini ikiwa huru ndani ya maji hugeuka kwa muda usiofika hata nanosekunde moja, kwa hiyo mwanga wake hupoteza upande. Lakini rodamini ina chaji chanya, na uso wa silika ndani ya maji huwa na chaji hasi. Hivyo hizo mbili huvutana, na rangi hunata juu ya chembe kama kupe juu ya ng'ombe. Tangu hapo kupe hageuki ila ng'ombe akigeuka. Ng'ombe akiwa ndama, hugeuka upesi. Akiwa fahali, hugeuka polepole.

Hesabu yake ni rahisi kufuatwa. Katika maji ya joto la chumbani, chembe yenye nusu kipenyo cha nanometa 1 huhitaji nanosekunde 1 hivi ili igeuke. Nusu kipenyo kikiwa nanometa 2, ujazo huwa mara nane, na muda huwa nanosekunde 8 hivi. Kikiwa nanometa 4, muda hufika nanosekunde 60 na zaidi. Kwa hiyo ukuaji mdogo wa chembe huleta badiliko kubwa katika mwanga, na mtafiti anaweza kufuata jeli inavyojijenga saa baada ya saa bila kufungua chombo wala kuvunja wavu. Njia hii ina mpaka wake: chembe inapokuwa kubwa mno, shahidi humaliza mwanga wake kabla chembe haijageuka, na hapo hana la kusema. Kwa chembe za namna hiyo wataalamu hutumia mtawanyiko wa mwanga au wa eksirei.

6. Shahidi wa pili, na jibu la swali letu

Rodamini inatueleza habari za wavu. Ili kujua habari za maji yaliyo katikati ya wavu, huchaguliwa rangi nyingine yenye chaji hasi, ambayo silika huisukuma badala ya kuivuta. Hiyo hubaki ikielea. Ushuhuda wake ni wa ajabu kwa anayeusikia mara ya kwanza. Soli imekwisha kuwa jeli. Chombo kimeinamishwa na hakuna tone lililomwagika. Hata hivyo rangi iliyomo ndani ya maji inaendelea kugeuka karibu kwa kasi ile ile ya mwanzo. Kwa mkono wa mtu jeli imekuwa ngumu, lakini kwa molekuli iliyomo kati ya nyuzi za wavu, maji bado ni maji.

Hapa ndipo tunapopata jibu la swali letu la istilahi. Kilichoganda ni wavu, si maji. Kwa hiyo neno kuganda si kosa, ila halijitoshelezi. Tunapendekeza kusema kuganda kwa wavu panapohusika jeli, maziwa au damu, na kuganda kwa baridi panapohusika barafu. Kwa maneno hayo mawili mwalimu anaweza kueleza kwa nini maziwa mgando yakikorogwa hutoa maji, jambo ambalo barafu haifanyi mpaka ipate joto.

7. Afrika Mashariki na jeli ya silika

Isidhaniwe kwamba mambo haya hutokea ndani ya chupa za Ulaya tu. Ardhi yetu wenyewe huyatenda. Katika Ziwa Magadi, nchini Kenya, maji yenye magadi mengi huyeyusha silika kwa wingi. Mwaka 1967 mwanajiolojia Hans Eugster alieleza madini mapya mawili ya silikati ya sodiamu kutoka huko, akayaita magadiiti na kenyaiti, na akaonyesha kwamba madini hayo ni chanzo cha tabaka za jiwe gumu la silika. Wafasiri wetu wazingatie kwamba hapo sayansi ya dunia iliazima neno la Kiswahili, magadi, bila kuona haya.

Huko huko Kenya, umeme wa jotoardhi ulianza kuzalishwa Olkaria mwaka 1981, kwa mtambo wa kwanza wa megawati 15. Katika mitambo ya namna hiyo maji moto ya kisimani yanapopoa na kutoa mvuke, silika iliyoyeyuka huzidi kiasi kinachoweza kubebwa, hujikusanya, na huweza kuziba mabomba kwa magamba. Ni mwanzo ule ule tulioueleza wa molekuli kushikana. Nayo rangi yenye mng'ao wa kuitikia, hasa fluoresini iliyotengenezwa kwanza na Adolf von Baeyer mwaka 1871, hutumika katika visima vya jotoardhi kwa kazi nyingine: humiminwa katika kisima kimoja na kutafutwa katika kingine, ili ijulikane maji yanapita wapi chini ya ardhi.

Tanzania nayo imo katika njia hiyo. Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi Tanzania iliundwa mwaka 2013, na Songwe na Ngozi ni miongoni mwa maeneo yanayochunguzwa. Katika chemchemi za Songwe miamba iliyojengwa na maji ni ya chokaa zaidi kuliko silika, lakini silika iliyoyeyuka hupimwa vilevile, kwa kuwa kiasi chake hutegemea joto la huko yatokako maji. Taarifa za kazi hii zitawahusu wananchi wa vijiji, madiwani na maofisa wa wilaya. Ikiwa zitafika kwao kwa Kiswahili kinachochanganya vumbi la kwatsi, punje za kifuko na silika ya majini, mwanakijiji aliyesikia kwamba silika huleta saratani atakuwa na haki ya kuuliza kama maji ya chemchemi yake yana saratani.

8. Mapendekezo

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, desturi imekuwa kwamba istilahi hupimwa na watumiaji kabla ya kukubalika. Kwa moyo huo tunawaletea wasomaji mapendekezo yafuatayo wayajadili.

Silika fuwele: dioksidi ya silikoni iliyojipanga kwa safu, kama kwatsi. Katika matangazo ya kazini iandikwe vumbi la silika fuwele, na kwa wachimbaji iongezwe vumbi la jiwe jeupe.

Silika isiyo fuwele: dioksidi ya silikoni isiyo na safu, kama ile ya jeli.

Silika ya majini: silika iliyoyeyuka katika maji, kabla haijawa chembe.

Soli: kimiminiko chenye chembe ndogo mno zinazoelea.

Jeli: wavu wa chembe uliokamata kimiminiko ndani yake.

Jeli kavu: jeli iliyotolewa kimiminiko chake. Kwenye bidhaa za watu wote itumike kinyonya unyevu, na onyo liwe: "Kinyonya unyevu. Usile. Weka mbali na watoto."

Kuganda kwa wavu: tendo la soli kuwa jeli, kinyume chake ni kuganda kwa baridi.

Mng'ao wa kuitikia: fluoresensi. Mng'ao wa kusalia: ule unaoendelea baada ya chanzo cha mwanga kuzimwa.

Molekuli chunguzi: molekuli inayotiwa ndani ya kitu ili mng'ao wake utoe habari za kitu hicho. Itofautishwe na rangi kiashiria, ambayo hubadilika rangi kwa mwanga wa kawaida.

Wasomaji wataona kwamba hatukubuni maneno mengi mapya. Tumetwaa maneno yaliyopo na kuyapa wenzi wa kuyapambanua. Tunawaomba walimu wa kemia wayajaribu darasani, hasa kwa silikati ya sodiamu na siki, ambazo hutosha kuonyesha kuganda kwa wavu mbele ya wanafunzi. Na tunawaomba wafasiri wa matangazo ya afya ya migodini waanze na lile la kwanza katika orodha, kwa sababu ndilo ambalo kuchelewa kwake kuna gharama kubwa kuliko mengine yote.